Damu ya Mbwa Mkali

Watu wa kiambo chetu wanawadharau mbwa, na mimi nawadharau wao. Tumeishi hivyo miaka mingi bila kupigana, kwa sababu muhogo wao unanusurika kwa mbwa wangu. Nguruwe akishuka kutoka msituni haulizi shamba la nani. Anafukua matuta, anakula nusu, nusu nyengine anaikanyaga, na asubuhi utadhani pamepita trekta. Anayemkimbiza ni mbwa. Kisha jirani yangu anachimba muhogo wake mzima, anautia nazi, anashiba, anatoka barazani na kulalamika kwamba lile jibwa limepita karibu na kanzu yake.

Skuli nimefika darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Lakini nyumba ninayokaa hapa Mgogoni nimeifyatulia matofali kwa mikono hii, mikarafuu nimeipanda mwenyewe, na tangi la maji ya mvua nimelijenga mwenyewe, baada ya fundi wa mjini kujenga lake likapasuka kabla ya mvua ya pili. Sikupewa kitu na mtu. Kwa hiyo anayetaka kunifundisha jambo namtazama kwanza mikono.

Mbwa wangu sikumpa jina. Wa rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jengine limelala, nikipiga mluzi anakuja. Akimkuta nguruwe alikuwa anamshika mguu wa nyuma na haachi mpaka tufike na mikuki. Katika wasasi wote wa upande wetu hapakuwa na mwenye mbwa kama huyo, na kila mmoja alijua, na wasiosema nilikuwa nawakumbusha.

Sisi wasasi tuna desturi yetu. Mvua za masika zikiisha, kabla ya msako wa kwanza, mbwa wote huletwa ukingoni mwa bonde la mpunga. Hushikwa mmoja mmoja, hukatwa chale tatu ndogo kwenye ncha ya sikio. Kisha huchaguliwa mbwa mkali wa mwaka, naye hukatwa, na damu yake hupakwa kwenye chale za wengine ili ukali wake uwaingie. Wembe ni mmoja kwa mbwa wote. Ukibadilisha wembe, walituambia waliotutangulia, umeuacha ukali njiani. Mshika wembe nilikuwa mimi, miaka mingi, toka alipokufa aliyenifundisha.

Mwaka ule mkuu wetu wa wasasi alitaka damu itoke kwa mbwa mgeni. Mtu mmoja alikuwa amekuja kutoka Chokocho na jibwa jeusi lenye kifua kama gunia la mpunga, na mkuu wetu akivutiwa na kitu cha mgeni husahau cha nyumbani.

"Mtazame alivyo," alisema. "Huyu ukali anao."

"Jibwa la wavuvi hilo," nilimwambia. "Linamjua changu. Nguruwe lingemuona wapi, ndani ya juya?"

Wakacheka, hata mgeni akacheka, na mambo yakaisha. Damu ikawa ya mbwa wangu.

Niseme kitu hapa ambacho siku ile sikukisema. Wiki nzima kabla ya hapo mbwa wangu alikuwa analamba chakula tu, hamalizi. Nyuma ya masikio alikuwa na kupe wakubwa kama mbegu za mbarika. Niliwang'oa nikawasaga kwa jiwe, na mke wangu aliposema mbwa hana raha nilimjibu kwamba kila mbwa ana kupe kama kila nyumba ina panya. Sikutaka mbwa mgonjwa wiki ile. Nilitaka mbwa mkali.

Chale za sikio hukauka upesi. Unakata, unapaka, na kabla mtu hajasokota kamba fupi ya ukili damu imeshaganda. Siku ile haikuganda. Nilikata, ikatiririka. Nikapaka mbwa wa kwanza, wa pili, wa tano, bado inatiririka, inadondoka kwenye majani. Nikapaka wote kumi na mmoja na kila mtu akataka mbwa wake aongezewe.

"Jama, tazameni!" mkuu wa wasasi alipiga kelele. "Huyu kajaa! Ukali wote huo ulikuwa wapi?"

Wakawa wanachovya vidole wenyewe na kusugua chale za mbwa wao. Nami nilisimama na wembe wangu mkononi, kifua mbele, kama mtu aliyemwaga halua kwenye karamu. Watu wazima kumi na zaidi, wenye ndevu na wajukuu, wanamtazama mnyama ambaye damu yake haikomi, wanashangilia. Na mkubwa wa wapumbavu ndiye aliyeshika wembe.

Asubuhi mke wangu alikuja kuniita uani. "Bwana we, njoo umtazame mbwa wako. Anatoka muhina."

Damu ilikuwa inamtoka puani, tone moja moja. Sikio bado linalia damu, na pale alipolala palikuwa pameloa. Nikamgeuza. Tumboni, pasipo na manyoya, alikuwa na vidoadoa vyekundu vingi kama vya joto la mtoto, lakini ukibonyeza haviondoki. Na penye mbavu palikuwa na baka la zambarau, kama amepigwa, na hakuna aliyempiga.

Nikajua mara moja nani mwenye kosa: jirani. Huyu alikuwa karani wa serikali, amestaafu, ana miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake.

"Umempa nini mbwa wangu?"

"Mie nikampe nini jibwa lako? Hata salamu simpi."

"Salamu unampa nani weye? Hata binadamu huwapi."

"Mzee mwenzangu, ondoka na nguo hizo mlangoni kwangu, usije ukanitia najisi."

"Basi na muhogo wako usile, maana umelindwa na najisi!"

Nilimtukana zaidi ya hapo, mbele ya wajukuu zake. Sitayasema yote. Niliporudi nimemkuta mkuu wa wasasi uani kwangu amechutama mbele ya mbwa, anatikisa kichwa kama tabibu.

"Damu chafu hiyo inatafuta mlango," alisema. "Mkate na sikio la pili, itoke yote, utaona jioni anasimama."

Nikaleta wembe. Nimeshika sikio lile la kulala, na yule mbwa, wallahi, akainua kichwa kunipa. Nikamfunua mdomo kutazama ulimi, kwa nini hasa sijui. Fizi zilikuwa nyeupe kama nyama ya nazi.

Nikauweka wembe chini.

"Unaogopa?" mkuu aliniuliza.

"Tangi likivuja huongezi tundu."

"Damu si maji, yakhe."

"Na weye si fundi. Nenda kwako."

Akaondoka amenuna. Mtu yule hajawahi kujenga hata banda la kuku likasimama, lakini ushauri anao wa kila kitu.

Nilimtia mbwa ndani ya pakacha kubwa lililotandikwa gunia, nikalifunga nyuma ya baiskeli, nikaisukuma kwa miguu mpaka mjini. Nilijua pa kwenda. Kuna mama mmoja, daktari wa mifugo, aliwahi kuja kiamboni kwetu kuwapiga mbwa sindano za kichaa. Siku ile nilimuuliza mbele ya watu, kama yeye anashika mbwa, nani anamshikia sufuria nyumbani. Watu walicheka. Yeye aliendelea na sindano zake.

Njiani, penye baraza ya maduka, walikuwepo wale vijana wa siku zote wanaosubiri jua lihame ili nao wahame.

"Babu, unampeleka hospitali? Kadi ya kliniki unayo?"

"Ninayo," niliwaambia. "Yako ndiyo sikuiona. Nadhani mama'ko aliitupa."

Wenzake wakampigia makofi. Mimi nikaendelea kusukuma. Pakacha lilikuwa linadondosha.

Daktari alinitambua. "Karibu mzee. Leo umekuja mwenyewe."

"Nimemleta mbwa. Mimi sina kitu."

Alivaa glavu, akamfunua fizi, akaviona vidoadoa tumboni, akaingiza kidole nyuma ya masikio na kumtoa kupe niliyemsahau. Akachukua damu kidogo kwenye mguu, na baadaye akabonyeza pamba pale muda mrefu sana, haachii, anazungumza nami huku anabonyeza. Nikasema moyoni, mwanamke huyu angalau anajua kuziba.

Damu aliitazama kwenye hadubini. Aliporudi alikaa kwenye kigoda, akawa chini yangu kidogo, ndivyo anavyozungumza mtu aliyelelewa.

"Mzee wangu, kupe amemtia vijidudu ndani ya damu. Mwili umeamka kupigana navyo, na ndio kazi yake. Lakini umechanganyikiwa. Katika damu kuna chembe ndogo ambazo kazi yake ni kuziba, mtu akijikata ndizo zinazogandisha. Mwili wa mbwa wako unaziona chembe hizo kama adui. Unakula chembe zake wenyewe."

"Kwa hiyo anajipiga?"

"Anajipiga. Nimetazama, zimebaki chache mno. Ndiyo maana anavuja bila kuumizwa."

"Basi si sumu."

"Si sumu."

Nilimkumbuka karani na wajukuu zake.

"Sikio hili kalikata nani?" aliuliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

Ningeweza kumdanganya. Mwongo mwengine angesema ni mwiba. Nikamwambia yote, wembe mmoja, damu ya mbwa mkali, vidole vilivyochovya. Nilisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayejisifu, kwa sababu sauti nyengine sikuwa nayo. Hakucheka wala hakukasirika. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Akavua glavu. "Basi vijidudu vyake wanavyo wote sasa. Wengine watavishinda. Wengine wataumwa, si leo, wiki mbili tatu zijazo. Waambie wenyewe wasiwakate tena, wawaondoe kupe, na akizubaa mmoja tu wamlete mapema. Ukiwaambia mapema, dawa inatosha."

"Na huyu?"

"Huyu sikuahidi, mzee. Siku tano hizi ndizo zitakazosema."

Alinipa dawa mbili. Moja ya vijidudu, asubuhi na jioni, siku ishirini na nane, hata akipona siku ya sita nisiache. Nyengine ya kuutuliza mwili usijipige, na hiyo inapunguzwa kidogo kidogo, ukiikata ghafla unamuua. Akaanza kuniandikia. Nikamwambia asijisumbue, anieleze tu, mimi nitashika. Nyumbani nilichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, mistari mirefu dawa hii, mifupi dawa ile, na kila nikimpa nakata mstari. Sikukosea hata mmoja. Nimewaona wenye vyeti wanaokunywa dawa zao wenyewe kwa kubahatisha.

Shida ilikuwa kummezesha. Nilificha kidonge ndani ya dagaa, akala dagaa akatema kidonge. Nikaficha ndani ya tonge la muhogo, hivyo hivyo. Ikabidi nimfunue taya kwa mkono wa kushoto, nisukume kidonge kwa kidole mpaka nyuma ya ulimi, nimfunge mdomo, nimsugue koo. Taratibu, maana fizi zikiguswa kwa nguvu zinatoa damu. Mate yake yote mkononi kwangu. Na mimi ni mtu wa kusali. Kwa hiyo kila nikimmezesha, mara saba naosha, moja kwa udongo, mpaka kwenye viwiko. Asubuhi mara saba, jioni mara saba.

"Tangi lote litaishia mikononi mwako," mke wangu alisema, na bado alikuwa ananimiminia.

Jirani alikuwa anatazama kutoka ng'ambo ya ua wa makuti, kwa ile miwani ya watu. Msikitini wawili walihama safu nilipokaa. Tulipomaliza kusali niliwaambia, "Mimi mikono yangu nimeiosha mara saba. Nyinyi ndimi zenu mnaziosha lini?" Mmoja alirudi. Mwengine mpaka leo anasalia upande wa pili, na sijapungukiwa.

Siku ya pili alikojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Siku ya tatu kinyesi chake kilikuwa cheusi kama lami na hakuweza kusimama kukitoa. Nilimgeuza upande kila nilipokwenda kusali na kila niliporudi, ili asioze ubavu. Mkuu wa wasasi alipita, akasema mbwa wa hivyo angeshapigwa rungu akapumzika. Nikamwambia akitaka kupumzisha aanze na mdomo wake.

Siku ya nne sikio lilifanya ukoko. Niligusa kwa ncha ya kidole, pakavu. Jioni akala dagaa, na kidonge akakitema kwa nguvu zaidi. Nilimwambia mke wangu, huyu mtundu amerudi.

Hapo ndipo inapofika sehemu nisiyoipenda. Daktari aliniambia niwaambie wenye mbwa. Sikuwaambia. Siku ya kwanza nilisema ngoja huyu apone kwanza. Akapona, nikasema wao wenyewe hawajaona kitu, mbwa wao wanakimbia, kwa nini nijitie aibu ya bure. Kusimama mbele ya watu ambao nimewaita wapumbavu miaka thelathini, niwaambie mpumbavu ni mimi? Nilikuwa nawaona barazani napita. Siku tisa nilipita. Nimewadharau watu wengi katika maisha yangu, na siku zile tisa niliongeza mmoja.

Kisha mbwa wa msasi mwenzetu mmoja, mfua nazi, jike dogo jeusi lililokuwa linanipokea njiani, akaanza kutoka muhina. Habari nimeipata jioni. Asubuhi nilipofika kwake, ameshalifukia. Walikuwa wamelikata masikio yote mawili, damu chafu itoke.

Siku hiyo hiyo, Ijumaa, niliwakuta wasasi wote barazani kwa mkuu wao. Sikukaa.

"Mbwa wenu ni wagonjwa," niliwaambia. "Ugonjwa umetoka kwa mbwa wangu. Damu ile niliyowapaka ilikuwa na vijidudu vya kupe. Nimeambiwa na daktari, na nimeambiwa siku nyingi, nikanyamaza. Jike la mfua nazi nimeliua mimi. Msiwakate tena, wapelekeni mjini, dawa ipo."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, hata majibu nilikuwa nayo.

"Mzee, kaa chini unywe kahawa," mkuu wa wasasi alisema, kwa upole kama anambembeleza mgonjwa. "Nani asiyejua haya yametoka wapi? Kijicho hicho. Wametuonea mbwa wetu siku ile tulipokuwa pale bondeni."

"Nani aliyetuonea? Hapakuwa na mtu ila sisi!"

"Ndiyo maana ikaitwa husda, haionekani."

"Nimekwambia ni wembe."

"Wembe huo huo tumekatia toka enzi za babu zetu, mbona mbwa hawakufa?"

"Walikufa! Mlikuwa mnasema wameumwa na nyoka!"

Wakacheka. Mfua nazi, ambaye udongo wa kaburi la mbwa wake ulikuwa bado kwenye kucha, ndiye aliyenishika bega. "Usijilaumu, baba. Weye ulitutilia mkono wa heri. Yule mwanamke wa mjini kakutia maneno."

Walinisamehe, basi, kosa ambalo hawakukubali kwamba lipo. Ningewaheshimu zaidi wangenipiga. Mtu akikupiga ameamini uliyomwambia.

Mmoja alinifuata njiani, mwenye mbwa wa madoa, akauliza kwa sauti ya chini njia ya kwenda kwa daktari. Nilimpa pakacha na baiskeli. Mbwa wake yuko hai. Wengine watatu wamekufa kabla mwezi haujaandama, wote wamekatwa masikio mpaka mwisho. Waliobaki walipona wenyewe, na hao ndio waliofanywa ushahidi kwamba mzee anaropokwa.

Wembe wa wasasi anao mtu mwengine sasa. Mwaka uliofuata walikata kama kawaida, na damu waliyopaka ilikuwa ya mmoja wa wale walionusurika, kwa sababu mbwa aliyeshinda husda, walisema, ndiye mkali kuliko wote. Mimi sikualikwa, na ningealikwa nisingekwenda. Kwa karani sikuomba radhi kwa mdomo, mdomo wangu haukuumbwa kwa kazi hiyo. Nilimpelekea kapu la muhogo. Alitazama kwa miwani ya kutazamia watu, akalipokea, akala. Anajua.

Mbwa wangu hasasi tena. Daktari alisema mwili uliojipiga mara moja unaweza kujipiga tena, na mimi sitaki kumkimbiza mpaka nijue ni lini. Anakaa ukingoni mwa shamba, nguruwe wakija anabweka mpaka watu wanaamka kulalamika kwamba hawalali. Kupe namtoa kila siku baada ya alasiri, na nikimaliza namuogesha kwa dawa. Anavumilia yote hayo. Lakini mkono wangu wa kushoto ukikaribia uso wake, hata ukiwa na nyama, hata ukiwa unamfukuzia nzi tu, anakaza meno na kuangalia kwengine, na hafungui mpaka niondoke. Mke wangu anamlisha, kwake anafungua. Kwangu mimi hafungui.